Fungueni Lwiro kwa watoto wa Bukavu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya majumba yetu ya kale

Kwenu Waheshimiwa mlio na dhamana ya utamaduni, utalii, elimu na utafiti wa kisayansi, hapa Kivu ya Kusini na huko Kinshasa. Kwenu mnaosimamia Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Kwenu Bami wetu, watawala wa jadi wa Bushi na Buhavu, pamoja na wazee wenu wa baraza. Na kwa yeyote ambaye mlango haufunguki bila sahihi yake,

Salamu kutoka Bukavu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Ninaandika kuomba jambo moja. Naomba mtoto wa Kadutu, wa Bagira, wa Ibanda, aweze kutoka kwao asubuhi, aende akaone jumba la Lwiro, jumba la kale la utafiti wa kisayansi, na majirani zake, aelezwe habari zake kwa ukweli na kwa lugha anayoielewa, kisha jioni arudi kula bugali nyumbani. Safari hiyo ni ya siku moja tu. Mgeni mwenye gari lake na mtu wa kumsemea ofisini huifanya bila taabu. Darasa la wanafunzi haliwezi, na mengi yanayolizuia yako mikononi mwenu.

Wengi wenu njia mnaijua, lakini barua hii itasomwa pia na wazazi ambao hawajafika huko, kwa hiyo naomba mnivumilie niieleze. Unatoka Bukavu kwa barabara ya Goma kuelekea kaskazini. Unapita Mudaka, ambako siku ya soko gari hutambaa kati ya akina mama waliobeba ndizi na makaa. Unafika Miti, mahali barabara ya Walikale inapochepuka kupanda Tshivanga kwenye lango la mbuga. Upande huo kuna Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa cha INEAC, shirika ambalo Wabelgiji waliliunda mwaka 1933 na ambalo leo ni INERA. Unapita Kavumu penye uwanja wa ndege, halafu unaiacha barabara kuu na kupanda mkono wa kushoto kati ya mashamba mpaka Lwiro. Yote ni kama kilomita 45. Ukishuka tena barabarani na kusogea, uko Katana, penye hospitali ya Fomulac, wakfu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain ulioundwa mwaka 1926. Mtu akiondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi anayaona haya, anakula mchana bila haraka, na giza linamkuta kwake.

Jumba lenyewe linashtua. Unapanda kati ya migomba na nyumba za udongo, mara unaona paa refu la vigae, varanda ndefu, bustani iliyopangwa na miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari. Wanafunzi wakishuka garini huuliza kwanza ni mfalme gani aliyeishi pale. Swali lao ni zuri, kwa sababu jumba lile lilijengwa ili mtu akiliona aulize hivyo. Lakini hakuishi mfalme. Tarehe 1 Julai 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC kwa kifupi cha Kifaransa, na Lwiro ikachaguliwa kuwa makao yake makuu. Matawi yake yalikuwa Uvira, Astrida ambayo baadaye ikaitwa Butare, Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, na Mabali kando ya Ziwa Tumba. Baada ya uhuru taasisi ilibadilishwa jina na sheria zaidi ya mara moja. Leo ni CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, na jumba ni lile lile.

Huko Ulaya watu wana desturi ya kutumia siku ya mapumziko kuzunguka ngome za mashambani. Wanabeba chakula, wanatembea na watoto kutoka ngome moja hadi nyingine, wanasikia habari za wafalme na vita, wanarudi nyumbani jioni. Ufaransa ilianza mwaka 1984 kuweka siku maalumu katika mwezi wa Septemba ambapo majumba ya kihistoria, hata yale ambayo kwa kawaida raia haingii, hufunguliwa kwa watu wote, na nchi nyingi za Ulaya zikafuata. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Pale Mombasa, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Chini ya Waingereza ikawa gereza hadi mwaka 1958. Ukuta uliojengwa kuwatisha Waswahili, na baadaye kuwafunga, leo ni makumbusho, na watoto wa shule wanaingia wakiwa na madaftari. Kwa nini jambo hilo liwezekane Mombasa na lishindikane Kabare, eneo letu lenye Lwiro?

Nitasema sasa kile kilichomo Lwiro, kwa maana naogopa baadhi yenu mnadhani tunaomba matembezi ya kupiga picha.

Nianze na muhogo. Katika miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi na IRSAC, François Delange akiwa mmoja wao, walifuatilia ugonjwa wa rovu katika kisiwa cha Idjwi. Watu wengi walikuwa na uvimbe shingoni, na watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa. Ilijulikana kwamba madini ya iodini yakikosekana katika chakula na maji, rovu hutokea. Lakini Idjwi ilikuwa na fumbo: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, na hata hivyo rovu lilijaa upande wa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa dogo sana. Walipochunguza chakula, wakafika kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri humwachia mlaji sumu ambayo mwili ukiigeuza, kinachotoka huizuia tezi ya shingo kuipokea ile iodini kidogo iliyopo. Elimu hiyo imesaidia watu katika nchi nyingi zinazokula muhogo. Imetoka kwenye shingo za mama zetu wa Idjwi, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Lwiro. Mwanafunzi wangu anakula bugali ya muhogo karibu kila siku. Anamwona mama yake akiloweka muhogo siku kadhaa, akiumenya, akiuanika juani, na anadhani ni desturi tu. Nikimweleza habari ya Idjwi darasani ananakili kwa ajili ya mtihani. Akielezwa pale pale mahali kazi ilipofanyika, ziwa likionekana bondeni na kisiwa ng'ambo, ataondoka na jambo la kumwambia mama yake.

Kuna pia hospitali ya watoto ya Lwiro, ambako madaktari wa hapa na wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kupitia CEMUBAC, shirika la tiba la chuo hicho, walifanya kazi miaka mingi juu ya utapiamlo wa watoto. Hiyo si mahali pa kutembeza watu, na siombi iwe hivyo. Lakini habari yake inaweza kusimuliwa kwenye jumba, kwa heshima.

Kuna mitambo ya matetemeko. Lwiro ilianza kusikiliza ardhi ya Kivu tangu siku za IRSAC, kabla Goma haijapata kituo chake cha kuchunguza volkano. Kila mtu mzima wa Bukavu anakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotukuta wengine tukiwa kanisani. Wanafunzi wangu wa sasa wanaisikia habari hiyo kwa wazazi wao kama hadithi ya hasira ya Mungu. Siwazuii kusali. Ninataka tu waone pia sindano inavyochora mstari, na mtaalamu wetu wa Kikongo akiwaeleza kwamba bonde letu linatanuka polepole na kwamba ndiyo sababu kuna ziwa, kuna volkano, na kuna siku kama ile.

Na kuna makusanyo: ndege, nyoka, samaki, wadudu, na mimea iliyokaushwa. Nilionyeshwa karatasi moja ya mimea, na nimeifikiria sana tangu siku ile. Ni karatasi nene, imegeuka rangi ya chai. Tawi limelazwa juu yake na kushonwa kwa uzi mwembamba, majani yamekauka lakini hayajavunjika, ua moja limegeuzwa kifudifudi ili sehemu ya chini ionekane. Pembeni, kwa wino, kuna jina la Kilatini, mahali, kimo kwa mita, tarehe, na jina la Mzungu aliyekusanya. Jina la mtu aliyempeleka hadi kwenye mti ule halipo. Lazima mtu huyo alikuwepo. Hakuna mgeni anayefika peke yake kwenye mti mmoja katika msitu wa Kahuzi. Huyo ndiye aliyejua njia, aliyejua mti unatibu nini, na pengine ndiye aliyepanda kukata tawi.

Hapo ndipo ombi langu linapopata uzito, nami naomba mnisikilize vizuri. Taasisi hii hii ya IRSAC ndiyo iliyomwajiri Jan Vansina mwaka 1952 kwenda kwa Wakuba, huko Kasai. Kwa kuwasikiliza wazee wa Wakuba, Vansina aliuonyesha ulimwengu wa wasomi kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuchunguzwa na kuaminika kama historia, sawa na karatasi. Leo hakuna chuo kikuu cha historia ya Afrika kisichojua jina lake. Sasa niambieni: taasisi iliyolipa kazi ya kuwasikiliza wazee wa Kasai, nani amewasikiliza wazee wa Lwiro? Nani ameandika habari za walioponda mawe, waliochoma matofali, waliopanda ile miti, waliosafisha vizimba vya wanyama, walioendesha magari ya watafiti hadi Uvira, waliopimwa damu, waliopimwa urefu na kuulizwa wanakula nini?

Nimekaa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyefanya kazi ya bustani pale akiwa kijana. Alinieleza walivyokuwa wakivuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi ili miti isimame sawa, na jinsi msimamizi alivyomrudisha mtu kung'oa mche uliokaa kando kidogo. Alinionyesha kwa kidole mti alioupanda mwenyewe. Alitaja wenzake waliopanda mingine, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote ni marehemu. Alinieleza mlango ambao wafanyakazi weusi walitakiwa kupitia. Alieleza pia shamba la babu yake lilikuwa wapi kabla ya kila kitu, akachora mpaka wake chini kwa fimbo. Mwanafunzi aliyekuwa nami aliandika mpaka peni yake ikaisha wino, akaomba ya rafiki yake.

Jambo la mashamba lisipite kimya. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, na kuipa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya mkoa huu ili igawiwe walowezi. Ndivyo kilima baada ya kilima cha Kabare kilivyogeuka kuwa shamba la kahawa, la kinkina, la chai, na wenye kilima wakawa vibarua juu yake. Jumba la Lwiro lilisimama katika nchi iliyokuwa imekwisha kunyang'anywa namna hiyo. Mgeni akielezwa uzuri wa paa tu, amedanganywa. Na mtoto wa Bashi akiambiwa kwamba jumba lile ni la aibu tupu, naye amenyimwa haki yake, maana tangu uhuru ni Wakongo waliolilinda. Katika vita vya 1996 na vile vya 1998, maofisi mengi ya nchi hii yakiporwa mpaka fremu za madirisha, wafanyakazi wa Lwiro walibaki na vitabu vyao na mitungi yao ya nyoka. Wengi wao mshahara ulikuwa wa kuhesabia vidole. Ninawavulia kofia. Lolote mtakaloamua baada ya kusoma barua hii, lianze kwa kuwauliza wao.

Sasa vizuizi.

Nilipotaka kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tano, nilianza na ofisi moja mjini ambayo sitaitaja. Nikaambiwa nilete barua ya shule yenye muhuri. Nikaileta. Nikaambiwa barua ile inatakiwa ipitie ofisi nyingine. Ofisi hiyo nyingine ikataka malipo ya ruhusa, na nilipoomba risiti karani akanitazama kama mtu aliyemtukana. Baadaye akaja mtu wa idara ya tatu, akisema kila kundi linalotembelea kitu cha kihistoria lazima lilipe kwake pia. Siku ya safari tulisimamishwa njiani kwenye kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, tukaulizwa karatasi ambazo tayari tulikuwa nazo, na mwenye gari akatoa pesa mfukoni mwake ili watoto wasichomwe na jua. Tulifika Lwiro mchana. Pale tulipokelewa kwa wema mkubwa, na mtafiti mmoja aliacha kazi yake akatuongoza bila kutudai chochote. Lakini saa za kukaa zilikuwa zimeliwa njiani, na watoto wawili ambao wazazi wao walikuwa wamejinyima kulipa gari waliniuliza kama tutarudi siku nyingine kumalizia. Sikuwa na la kuwajibu.

Waheshimiwa, mzazi anayelipa minervali, yaani ada ya shule, kwa kuuza samaki wadogo wa sambaza katika soko la Nyawera, akiongeza nauli ya safari ya shule, amekata kitu nyumbani. Pesa hiyo isiishie kwenye kamba.

Kwa hiyo ninaomba bei moja iandikwe ukutani, mjini na pale Lwiro, kwa faranga, bei ya mwanafunzi ikiwa tofauti na ya mgeni wa nje, na risiti moja itambuliwe na kila idara na kila kizuizi kuanzia Bukavu hadi Katana. Mgawane nyuma ya pazia mnavyoona haki, mradi mwalimu asimame mbele ya dirisha moja. Pesa hiyo, sehemu yake inayojulikana na kila mtu, itengeneze paa la maktaba na makabati ya makusanyo. Maji ya mvua ya Kabare hayasubiri bajeti ya Kinshasa.

Ninaomba waongozaji. Wapo vijana wa Lwiro na Katana waliomaliza shule, wengine wana diploma kutoka vyuo vya Bukavu, na wanaendesha pikipiki kwa kukosa kazi. Wafundishwe. Waongoze kwa Kiswahili na Kimashi, na Kifaransa kwa anayekitaka. Watafiti wawape sayansi, na wazee wawape yale ambayo hayamo katika vitabu. Hao wazee wakae na vijana mbele ya kinasa sauti mwaka huu, wala si mwaka ujao. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu wa kuiamuru na mtu wa kuitunza ikishafanyika, na mahali pa kuitunza pako tayari, maktaba ile ile. Nikisema wazee sisemi wanaume peke yao. Wapo akina mama waliofua, waliopika, waliolea watoto wa watafiti, na waliochanjwa na kupimwa bila kuelezwa kwa nini. Na Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, waliotolewa humo mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa baadaye, wawe na sauti yao humo. Nani anaujua msitu ule kuwapita?

Mbuga nayo ni jirani, na ndiyo maana nimeitaja mwanzoni. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wa Kahuzi ni safari nyingine, ya gharama nyingine, na darasa langu halina uwezo huo. Lakini pale pale Lwiro kuna kituo cha kuwatunza sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia mbuga, na CRSN. Kina sokwe zaidi ya mia moja. Mwanafunzi anayemwona sokwe mwenye kovu la mtego mkononi hataki kuelezwa mara mbili kwa nini nyama ya msituni haifai kununuliwa. Kituo kipangiwe katika siku hiyo hiyo, kwa risiti hiyo hiyo, na kwa masharti ambayo watunzaji wenyewe watayaweka, maana wanyama wale wanaweza kuambukizwa mafua yetu.

Kuhusu sheria hamna haja ya kutunga mpya. Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, nayo inampa waziri uwezo wa kuainisha jengo au mahali ili lisibomolewe wala kubadilishwa ovyo. Lwiro ianze kushughulikiwa chini ya sheria hiyo. Makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa mwaka 2019, na tumefurahi kwa ajili ya watoto wa Kinshasa. Kutoka Bukavu huko ni kwa ndege. Mtoto wa hapa ambaye atayaona kabla ya kuolewa au kuoa ni mtoto wa nani? Lwiro ndiyo makumbusho iliyo karibu naye, na haihitaji kujengwa.

Ninajua mtakachoniambia. Mtaniambia huu si wakati wake. Vita vilifika Bukavu Februari 2025, watu wamehama, familia zimegawanyika, benki zimefungwa, kuna mwanafunzi anayekuja darasani hajui baba yake yuko upande gani wa ziwa. Naishi humo humo, najua. Sitampakia mtoto wa mtu kwenye gari siku ambayo barabara si salama, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Ila mzee niliyemtaja hangoji amani ili azeeke. Paa halingoji. Kurekodi sauti kunaweza kuanza kwa mguu, kijiji kwa kijiji, na watu waliopo huko huko. Bei moja inaweza kuandikwa leo hata kama itatumika barabara ikitulia. Na nyote mnaoshika silaha au kuwaamuru wenye silaha, popote mlipo na kwa bendera yoyote, Lwiro isigeuzwe kambi. Mitungi ile ikivunjwa, karatasi zile zikiwashiwa moto wa kupikia, hakuna serikali itakayoweza kuzinunua tena.

Kwa Bami nina neno la pekee, kwa heshima. Historia ya nchi hii haikuanza na IRSAC. Baraza zenu za Kabare, za Katana na za kwingineko zinajua ni nani alilima wapi kabla ya walowezi, na nani alikataa, na nani aliadhibiwa kwa kukataa. Darasa likitoka Lwiro likapokelewa hata nusu saa kwenye baraza la Mwami, likasikia mzee akitaja nasaba na mipaka kwa mdomo wake, watoto watakuwa wameona pande mbili za jambo moja kwa siku moja. Hakuna wizara inayoweza kutupa hilo. Ni nyinyi tu.

Sisi walimu hatutakaa kungoja tukiwa tumekunja mikono. Wa historia, wa jiografia na wa biolojia katika shule kadhaa za mji tumekubaliana kuandaa daftari la safari, lenye maswali ambayo mwanafunzi atayajibu papo hapo, njiani na ndani ya jumba, na tutalitoa bure kwa shule yoyote itakayolihitaji. Tunapendekeza tuanze kwa unyenyekevu: Jumamosi moja kwa mwezi, katika miezi ya kiangazi wakati matope ya kupanda Lwiro yamekauka, shule moja kwa zamu, na zisianze zile zenye mabasi yao. Wanaojiandaa kwa egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wapewe nafasi kabla ya wengine, kwa sababu mwaka ukiisha wametawanyika.

Tunachohitaji kutoka kwenu kwa sasa ni karatasi moja yenye sahihi zenu pamoja, ikitaja bei, dirisha la kulipia, na mtu wa kupokea makundi pale Lwiro. Ikibandikwa mlangoni pa ofisi zenu na kusomwa redioni kwa Kiswahili, prefe, yaani mkuu, wa kila shule atajua la kufanya kesho yake.

Kwa heshima na kwa matumaini,

Mwalimu wa historia, Bukavu